Hiari Yashinda Utumwa: Padre Murray na Uhuru wa Dhamiri

Wahenga walituachia methali fupi isemayo, Hiari yashinda utumwa. Twaitamka mara nyingi kwa mambo madogo: mtoto aliyekwenda mtoni kwa moyo wake hurudi na mtungi umejaa, na yule aliyetumwa kwa fimbo hurudi na nusu yake. Lakini ndani ya methali hii limo swali zito lililowasumbua wafalme, mapapa na marais kwa karne nyingi. Swali lenyewe ni hili: Je, yafaa mtu alazimishwe kushika jambo lililo la kweli? Angalia vizuri, msomaji. Sisemi jambo la uongo. Kwamba si haki kumlazimisha mtu aamini uongo, kila mtu atakubali upesi. Nasema jambo la kweli.

Kitabu ninachotaka tukihakiki pamoja chajaribu kulijibu swali hilo. Mwandishi wake ni John Courtney Murray, padre wa Marekani wa shirika la Wajesuiti, aliyezaliwa New York mwaka 1904. Kitabu kilichapwa mwaka 1960, na jina lake ni We Hold These Truths. Maneno hayo yamechukuliwa katika Hati ya Uhuru ya Marekani ya mwaka 1776, pale waandishi wake walipotangaza kwamba ziko kweli ambazo wanazishika wote, na juu ya kweli hizo wanajenga taifa. Murray auliza: Mkatoliki aweza kuzishika kweli hizo kwa moyo mmoja, au ni lazima awe raia kwa mdomo tu huku moyo wake uko mbali?

Pengine utaniuliza kitabu cha padre wa Marekani chatuhusu nini sisi tulio Kitui na Makueni, ambao mashaka yetu ni mvua isiyokuja na njia iliyokatwa na mto. Nitakujibu kwa mwaka mmoja tu, mwaka 1895.

Tarehe 6 Januari ya mwaka huo Papa Leo XIII aliwaandikia waraka maaskofu wa Marekani. Aliisifu nchi yao, akakiri kwamba Kanisa lilikuwa likistawi huko chini ya sheria zisizolifunga. Kisha akawaonya wasidhani kwamba hali ile, ya dini na serikali kutengana, ndiyo mfano bora wa kufuatwa kila mahali. Kwa maoni yake Kanisa lingezaa matunda mengi zaidi kama, pamoja na uhuru, lingepata upendeleo wa sheria na msaada wa watawala. Mwisho wa mwaka huohuo kikundi kidogo cha wamisionari Waprotestanti, waliotumwa kutoka mji wa Philadelphia huko Marekani, kilipanda kutoka Mombasa kikajenga kituo chake cha kwanza Nzaui, katika nchi ambayo leo ni kaunti ya Makueni. Kiongozi wao, Peter Cameron Scott, alifariki Desemba 1896, lakini Africa Inland Mission aliyoianzisha ilienea Ukambani kote. Wakatoliki nao walikuja kwa njia zao, na mwaka 1956 Kitui ilifanywa eneo la kimisioni lenye mkuu wake, likakabidhiwa mapadre wa Kiltegan kutoka Ireland.

Basi, waraka ule na kituo kile vilizaliwa mwaka mmoja. Wakati Roma ilipokuwa ikiwaambia Wamarekani kwamba uhuru wao ni mzuri lakini haujakamilika, Wamarekani wengine walikuwa wakishusha mizigo yao chini ya mlima wa Nzaui. Leo katika kilima kimoja cha Ukambani utakuta kanisa la AIC upande huu na kanisa la Katoliki upande ule, na katika ukoo mmoja shangazi ni wa huku na mjomba ni wa kule. Nao Waislamu wana jamaa zao katika mji wa Kitui tangu zamani. Swali la Murray ni swali la kwetu.

Tena uutazame mji ule wa Philadelphia. Mwaka 1844, miaka 51 kabla ya msafara wa Nzaui, Waprotestanti na Wakatoliki walipigana katika mitaa yake, watu wakauawa, na makanisa mawili ya Kikatoliki yakateketezwa kwa moto. Zilikuwako sababu nyingi, lakini mojawapo iliyo kubwa yatoka katika chumba kama hiki ambamo pengine wasoma insha hii, yaani darasani. Wakatoliki waliomba watoto wao wasilazimishwe kusoma shuleni tafsiri ya Biblia iliyotumiwa na Waprotestanti. Wapinzani wao wakapiga kelele kwamba wageni hao wataka kuifukuza Biblia shuleni. Ombi la dhamiri likasikiwa kama tusi, na tusi likawa moto.

Hapo Wakatoliki wa Marekani walikuwa wachache, na wachache hujifunza upesi thamani ya uhuru. Lakini walikuwa na ugumu. Mafundisho yaliyotawala wakati ule katika vyuo vya Kanisa yalisema kwamba kosa halina haki. Maana yake ni kwamba pale Wakatoliki walipo wengi, serikali yapaswa kuilinda dini yao na kuzizuia nyingine zisijitangaze; na pale walipo wachache, waombe uhuru sawa na watu wote. Majirani zao walilitambua jambo hilo wakauliza, na kwa haki: Mwataka uhuru leo kwa kuwa ninyi ni wachache, je, mkiwa wengi kesho mtatupa sisi uhuru huohuo? Mtu mwenye vipimo viwili sokoni, kimoja cha kununulia na kimoja cha kuuzia, hata akiwa mwema nyumbani kwake haaminiwi.

Sifa ya kwanza ya Murray ni kwamba hakulikimbia swali hili. Alilijibu kwa hatua tatu, nami nitazieleza kwa maneno yangu. Kwanza, serikali si mwalimu wa dini. Kazi yake ni amani, haki na usalama wa watu wote. Haikupewa macho ya kuona nani anasali sawasawa. Pili, sheria ya Marekani ya mwaka 1791, inayokataza bunge kuweka dini ya taifa au kuizuia dini yoyote, isichukuliwe kana kwamba inafundisha kuwa dini zote ni sawa. Hiyo ni sheria ya mapatano ya amani, wala si kanuni ya imani. Kwa hiyo Mkatoliki aweza kuikubali kwa moyo wote bila kusema kwamba imani yake ni moja tu kati ya maoni mengi. Tatu, watu wa dini mbalimbali waweza kuishi pamoja ikiwa wako tayari kujadiliana kwa akili, kwa sababu Mungu ameandika katika maumbile ya kila mtu sheria ambayo akili yaweza kuisoma.

Hoja hizi zilimletea taabu. Alikuwa amekwisha kuziandika katika majarida kwa miaka mingi kabla ya kitabu, na mwaka 1955 wakubwa wa shirika lake walimtaka aache kuandika juu ya Kanisa na serikali. Alitii. Lakini mambo yakageuka. Novemba 1960 John F. Kennedy alichaguliwa kuwa Rais wa kwanza Mkatoliki wa Marekani, baada ya kuwahakikishia wachungaji wa Kiprotestanti mjini Houston kwamba hatapokea amri za kiserikali kutoka kwa maaskofu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipoanza mwaka 1962 Murray hakualikwa. Mwaka 1963 aliitwa, akawa mmoja wa waandishi wakuu wa tamko juu ya uhuru wa dini. Tamko hilo lilipitishwa tarehe 7 Desemba 1965 kwa kura 2,308 dhidi ya 70. Lilifundisha kwamba kila mtu, kwa heshima ya utu wake, ana haki ya kutolazimishwa katika mambo ya dini, na kwamba haki hiyo hadhoofiki nayo hata yule asiyetafuta ukweli. Kipimo cha pili kikatupwa. Mtu aliyenyamazishwa mwaka 1955 alisikiwa na Kanisa zima miaka kumi baadaye, naye akafa mwaka 1967.

Je, hoja hiyo ni ya kweli, au ni ushindi wa kura tu? Sisi wa Ukambani tunao ushahidi wetu, tena hauko mbali. Uko mashambani.

Kwamba shamba la mlimani lisilo na matuta huliwa na mvua ni kweli isiyobishaniwa. Serikali ya kikoloni iliijua kweli hiyo, ikaamua kuitia kwa nguvu. Mwaka 1938 ilitwaa ng'ombe wa Wakamba ikiwapunguza kwa lazima, kwa hoja kwamba wanaharibu ardhi. Watu wakaandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakakaa huko mpaka amri ikalegezwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili watu walilazimishwa kuchimba matuta, nao wakayachukia. Katika miaka ya 1950 njia ikabadilika kidogo: kazi ikafanywa na vikundi vya mwethya, ule ushirika wa kazi wa Kikamba, na vikundi vikaruhusiwa kuchagua viongozi wao. Hata hivyo harufu ya amri haikutoka yote, na uhuru ulipokuja wako watu walioacha matuta yao yabomoke, kana kwamba kuyaacha ndiko kuwa huru. Kisha, bila askari wala faini, wakayarudia. Waliyachimba kwa sababu waliona wenyewe kwamba yanashika maji na kuongeza mahindi. Watafiti walioandika juu ya Machakos mwaka 1994, wakati Makueni ilikuwa imetengwa nayo miaka miwili tu, waliona watu wengi kuliko zamani na mmomonyoko mdogo kuliko zamani.

Jembe ni lilelile, udongo ni uleule, na ukweli wa bwana shamba haukubadilika. Kilichobadilika ni kwamba kweli iliyoingia kwa amri ilibaki ya mwenye amri, na kweli iliyoingia kwa hiari ikawa ya mwenye shamba. Nakubali kwamba mfano huu una mpaka wake. Tuta huonyesha faida yake msimu mmoja ukipita, na mambo ya Mungu hayapimwi kwa magunia. Lakini mpaka huo waitia nguvu hoja badala ya kuidhoofisha. Ikiwa kazi ya mikono, iliyo nusu tu ya mtu, huharibika kwa kulazimishwa, je, imani, ambayo ni mtu mzima?

Sasa, msomaji, usimwamini mhakiki asifuye tu. Kitabu cha Murray kina kasoro, na iliyo kubwa imo katika methali yetu. Neno utumwa lina maana mbili: hali ya kutumwa, na hali ya kuwa mali ya mtu mwingine. Murray alieleza vizuri ile ya kwanza, akaipita ya pili.

Zile kweli za mwaka 1776 zilisema kwamba watu wote wameumbwa sawa. Kati ya watu 56 waliotia sahihi alikuwako Mkatoliki mmoja tu, Charles Carroll wa Maryland. Wakatoliki wa Marekani wamejivunia sana sahihi hiyo. Lakini Carroll alimiliki watumwa. Mwaka 1838 Wajesuiti wa Maryland, shirika lilelile la Murray, waliuza watumwa 272, na sehemu ya fedha ikalipa madeni ya chuo chao cha Georgetown. Murray mwenyewe alifundisha miaka mingi katika chuo cha Woodstock, katika jimbo hilohilo la Maryland. Kitabu chake kilitoka mwaka 1960, mwaka ambao wanafunzi wanne weusi waliketi katika meza ya chakula mjini Greensboro, wakakataliwa kuhudumiwa, wakakataa kuondoka. Hata hivyo katika kitabu chote hakuna sura moja juu ya ubaguzi wa rangi. Zimo sura juu ya shule, juu ya vitabu vya kupigwa marufuku, juu ya Ukomunisti na vita. Ni haki kukumbuka kwamba maaskofu wa Marekani walikuwa wamekwisha kulaani ubaguzi katika tamko la mwaka 1958. Kwa hiyo jambo lilijulikana.

Kasoro hii yagusa moyo wa hoja yenyewe. Murray asema taifa ni mazungumzo ya watu wenye akili. Vema. Lakini mazungumzo huanza kwa kuuliza ni nani waliopewa kiti. Wale 272 walikuwa Marekani kabla ya mababu wa wahamiaji wengi, na wengi wao walikuwa Wakatoliki waliobatizwa. Lakini hawakuulizwa neno. Uhuru wa dhamiri alionao mtu ambaye hana uhuru wa mwili, wala wa ardhi, wala wa kauli, ni kama ufunguo wa nyumba isiyojengwa. Kwa hiyo naona kwamba katika ndoa hii ya Ukatoliki na uhuru wa Marekani kila mmoja alikuwa mwalimu wa mwenzake, na kila mmoja alikuwa mwanafunzi mvivu. Marekani ililifundisha Kanisa kwamba kweli haihitaji askari. Kanisa lilikuwa na la kuifundisha Marekani, kwamba hakuna mtu aliye huru peke yake na kwamba maskini ana haki juu ya tajiri. Lakini somo hilo halikuwa na nguvu katika kinywa cha mtu aliyekuwa ameuza watu.

Lini basi neno la Kanisa hupata nguvu? Tazama maisha ya Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki. Alizaliwa Mwala mwaka 1931, akawa padre mwaka 1961, na katika miaka iliyofuata Mtaguso alisoma historia na siasa katika chuo cha Kikatoliki cha St. John Fisher, mjini Rochester, Marekani. Tarehe 1 Agosti 1969 Papa Paulo VI alimweka wakfu mjini Kampala awe askofu wa Machakos, jimbo ambalo Makueni ilikuwa ndani yake hadi Jimbo la Wote lilipoundwa mwaka 2023. Baadaye alihamishwa Nakuru. Huko alipinga kura ya mlolongo, iliyomfanya mwananchi asimame hadharani nyuma ya mgombea huku chifu anamtazama. Na mapigano ya Bonde la Ufa yalipozuka mwaka 1991 aliwatetea waliochomewa nyumba bila kuuliza wanasali wapi. Sidai kwamba ujasiri wake aliupata Rochester. Ujasiri hautolewi pamoja na shahada. Nasema tu kwamba maisha yake yaonyesha jambo ambalo Papa Leo hakuliona mwaka 1895. Kanisa lililoomba upendeleo wa mtawala hula naye meza moja, na alaye meza moja na mwenyeji huona taabu kumwambia kwamba chakula si safi. Kanisa lisiloomba ila uhuru wake na wa wengine laweza kusema.

Nimeliacha jambo la shule mpaka mwisho kwa sababu ni lako. Murray aliandika sura akilalamika kwamba serikali ya Marekani haizisaidii shule za dini, na kwamba hiyo si haki kwa wazazi wanaolipa kodi. Kenya ilishika njia nyingine. Shule za misheni zilipata msaada wa serikali tangu ukoloni. Sheria ya elimu ya mwaka 1968 ikaziweka chini ya serikali, makanisa yakabaki wadhamini. Kwa hiyo shule nyingi za Kitui na Makueni zina mkono wa serikali na jina la mtakatifu, au mkono wa serikali na mdhamini wa AIC. Sheria ya mwaka 2013 yampa mdhamini kazi ya kulea maisha ya kiroho, lakini yamtaka alinde pia imani ya wale wasio wa dini yake. Katiba ya mwaka 2010 yasema katika kifungu cha 8 kwamba hakuna dini ya taifa, na katika kifungu cha 32 kwamba mtu asilazimishwe kutenda kinyume cha imani yake.

Sheria ni nzuri, lakini haiingii bwenini usiku. Huko anaingia mwalimu, kiranja na mwanafunzi. Mtoto wa AIC akilazimishwa kwenda Misa, au mtoto Mkatoliki akikatazwa rozari yake, au msichana Mwislamu akiambiwa avue kitambaa chake ama aende kwao, Philadelphia ya mwaka 1844 imefika Ukambani. Watakuwako wenye kusema kwamba kulazimishwa ni kwa faida ya mtoto, na kwamba siku moja atashukuru. Bwana shamba wa kikoloni alisema hivyohivyo, naye juu ya udongo alikuwa na haki.

Basi kisome kitabu cha Murray utakapokua na kukipata. Si rahisi, sentensi zake ni ndefu na Kilatini hakiko mbali. Chukua kwake kipimo kimoja: ukitaka kujua kama waupenda uhuru, usiangalie unaloomba mahali ambapo wenzako wa dini ni wachache, angalia unalotoa mahali ambapo ninyi ni wengi. Kisha ongeza lile alilolisahau, uulize ni nani hakupewa kiti mezani. Katika shule yako hakika uko upande mmoja wa wengi na upande mwingine wa wachache, ikiwa si kwa dini, ni kwa ukoo, kwa lugha, au kwa karo iliyolipwa na isiyolipwa. Kipimo ni kilekile kwa kununua na kwa kuuza.